Fo-Kei na Uso wa Mama Mkwe

Shemeji yangu, mume wa dada, mtaa mzima unamwita Fo-Kei, na jina hilo alijipa mwenyewe. Wenzake hubandikwa majina ya utani wakanuna. Huyu alilitafuta, akalipata, akalichapisha kwenye fulana. Kwa asiyejua, Fo-Kei ni kipimo cha picha ya video iliyo kubwa na safi mno, na ndilo neno la kwanza atakalokuambia hata kama amekuja kukupa pole ya msiba. Mwonyeshe video ya mtoto wako anacheza, hatamtazama mtoto. Atauliza imepigwa kwa ngapi, na faili lina uzito gani.

Kazi yake ni kuhariri. Yuko kwenye studio moja ndogo inayotengeneza tamthilia za televisheni, ghorofani juu ya duka la vioo, na mimi niko hapo hapo, nashika sauti: kinasa sauti begani, maiki kwenye fimbo ndefu, mikono juu mpaka mabega yanaomba radhi. Kwa hiyo namjua nyumbani na namjua kazini, na mpaka leo sijaamua ni wapi anachosha zaidi. Si mtu mbaya. Nalisema hili sasa hivi kwa sababu nikishapandwa na hasira sitakumbuka kulisema. Anampenda dada yangu, anawabeba wanawe mgongoni, na mtu akiugua yeye ndiye wa kwanza kubisha hodi. Ila debe tupu haliachi kuvuma, na lile lilikuwa linavuma kuanzia asubuhi.

Mwanawe wa kwanza alipoanza kutembea, baba mtu alikimbilia kamera ya studio, akampiga kwa fomati nzito kuliko zote zilizomo. Mimi ndiye mama mdogo wa mtoto huyo, na hatua zake za kwanza sijaziona, dada hajaziona, wala hakuna televisheni wala simu ya mtaani iliyowahi kulifungua faili lile. Lipo tu, limenona, limelala kwenye diski. Mtoto sasa anapanda baiskeli. Ukimuuliza baba yake anasema, "Mashine zenu ndizo dhaifu."

Na ubadilishaji wake wa fomati, jamani! Mteja akirudi kulalamika kwamba video haichezi kwenye simu, Fo-Kei anakunja uso kama daktari, anafuta zile herufi za mkiani mwa jina la faili, anaandika nyingine, anamrudishia. "Tayari, nimeshaibadilisha." Siku moja nilimwambia, "Shemeji, ukiandika sukari kwenye kopo la chumvi, chai itakubali?" Akanijibu bila kugeuka, "Wewe kaa na sauti yako." Basi nikakaa na sauti yangu.

Sasa niingie kwa mama. Mama yetu alishona sare za shule maisha yake yote, mpaka mtoto wa jicho alipomtoa kwenye cherehani. Akapasuliwa, wakamwambia jicho litakaa sawa, awe na subira. Subira mama anayo, ila imani kwa madaktari hana. Akawa anaishi na hofu kwamba wanamficha, kwamba giza linarudi polepole na watoto wake wamekubaliana wasimwambie.

Katikati ya hofu hiyo akapata uigizaji. Mkurugenzi wa studio alikuja kwake kurekebishiwa suruali, wakati huo mama alikuwa ameanza tena kushona kidogo kidogo kwa kupapasa, akamkuta anamkaripia mteja mmoja aliyechelewa kuchukua nguo zake. Mkurugenzi akasahau suruali. Wiki hiyo hiyo mama akapewa tukio katika tamthilia yetu: mjane anayeketi mlangoni na kuwaambia wanawe kwamba nyumba haiuzwi. Tukio moja tu, lakini refu, uso wake peke yake mwanzo hadi mwisho.

Nyumbani akatutangazia. "Siku ya kuonyeshwa nitajitazama. Nikiuona uso wangu vizuri, nitajua macho yamepona. Nisipouona, nitajua pia, na sitamsumbua mtu tena kwa hospitali."

"Si ujitazame kwenye kioo, mama?" nilimuuliza.

"Kwenye kioo najijua hata nikifumba macho."

Fo-Kei akadakia, mkono kifuani. "Mama, niachie mimi. Nitakutoa safi mpaka kope uzihesabu moja moja." Mama akacheka, akamwombea maisha marefu. Heshima ya ukwe hiyo, jamani, ni kitu kizito, na shemeji aliamua kuipima kwa uzito wa faili. Tamthilia nzima tulikuwa tunaipiga kwa fomati ya kawaida ambayo kompyuta zetu zinaimudu. Siku ya mama akatoa kamera kubwa kabatini, akaisukuma mpaka mwisho wa uwezo wake. Mpiga picha akamuuliza hiyo yote ya nini. "Mama mkwe hapigwi kwa fomati ya wapita njia," akasema.

Mama alikaa mlangoni akasema maneno yake. Katikati akamkumbuka marehemu baba, nilimwona, na machozi yakaja ya kweli, yakamwagika wala hakuyafuta. Mkurugenzi aliposema imetosha, hakuna aliyethubutu kumwomba arudie. Tena mama mwenyewe alisema hatarudia hata apewe nini. Machozi yale alikuwa ameyaweka kwa miaka mingi, na sasa yametoka.

Utaratibu wa studio baada ya hapo si sayansi ya ajabu. Mafaili yanatolewa kwenye kadi ya kamera, yananakiliwa kwenye diski mbili, moja ya kazi na moja ya akiba. Kisha zinatengenezwa nakala nyepesi, picha imekamuliwa mpaka imekonda, ili mhariri akate na kuunga bila kompyuta kuhema. Nakala nyepesi zina mhuri chini ya picha: NAKALA YA KAZI. Ukimaliza kukata, unaziondoa nyepesi, unarudisha zile nzito mahali pake, ndipo unatoa faili la kurushwa hewani. Mpaka kituo cha televisheni kiseme tumepokea na tumeridhika, zile nzito haziguswi. Ndiyo sheria yenyewe, haina ya pili.

Mimi nikasafiri na kikosi kingine kwenda kurekodi kipindi cha wafuga nyuki, huko simu yenyewe inashika kwa kupanda kilimani. Haya yanayofuata niliyakuta yameshatendeka, nikayaunganisha kwa kuuliza huku na huku na kwa kufungua kompyuta mwenyewe.

Shemeji alifungua faili zito la mama. Likakwama. Mama akafungua mdomo, akabaki hivyo, mdomo wazi, huku sauti imeshatangulia sentensi mbili. Akajaribu tena, likakwama tena. Akafungua nakala nyepesi: mama anasema, machozi yanatiririka, laini kabisa. Mtu mwingine angejua kwamba kompyuta imezidiwa. Yeye, nabii wa uzito, aliyetuhubiria uzito mchana na usiku, siku alipokutana na uzito wenyewe uso kwa uso hakuutambua. Akasema faili limeharibika. Mafaili mawili, jina moja, urefu mmoja, moja zima na moja gonjwa, akafuta gonjwa. Kisha akamwaga na pipa la takataka la kompyuta, maana ni mtu wa usafi. Kadi ya kamera ilikuwa imeshafutwa zamani na kupigiwa matukio mengine.

Akakata, akaunga, akapiga miluzi. Siku ya kurudisha zile nzito, matukio yote yakaitika isipokuwa la mama. Mahali pa mama pakawa pekundu, na maandishi kwamba faili halionekani. Hakutishika. Akaenda kwenye diski ya akiba, akakuta majina yote yamepangwa vizuri. Akabofya la mama. Halikufunguka. Akabofya tena, vivyo hivyo. Ala! Kumbe siku ya kunakili hakunakili mafaili. Aliburuta njia za mkato, vile vialama tu vya kukuonyesha faili liliko. Diski nzima ya akiba ilikuwa imejaa vidole, na kila kidole kilielekeza kwenye ile diski ya kwanza, na cha mama pale pale alipofuta.

Bado palikuwa na nafasi. Faili lililofutwa halitoweki hapo hapo. Hukaa mahali pake mpaka jingine liandikwe juu yake, na wapo mafundi wa kuliokoa ukiacha kuigusa diski. Angemwambia mkurugenzi. Angenitumia ujumbe, nikaukuta nikipanda kilimani. Lakini kuuliza kwake ni sawa na kuvuliwa nguo sokoni. Akaendelea kufanya kazi juu ya diski ile ile siku baada ya siku, faili juu ya faili, mpaka akamzika mama kabisa.

Akabaki na nakala nyepesi yenye mhuri. Akaikuza picha mpaka mhuri ukatoka nje ya fremu, na kidevu cha mama kikatoka nao. Uso ukawa mkubwa, umevurugika, macho mawili ya kijivu yanaelea. Akapeleka. Kituo kikarudisha: picha haikidhi kiwango. Hapo ndipo ubunifu ulipomshukia. Akapaka ukungu juu ya tukio zima, akaweka na kinanda, akamwambia mkurugenzi kwamba ni ndoto.

"Ndoto ya nani?" mkurugenzi akauliza.

"Ya mtazamaji."

Mkurugenzi alikuwa na kipindi cha kuwasilisha na shingo yake ya kuokoa. Akakubali. Kituo nacho kikakubali, maana ubovu una kipimo lakini usanii hauna.

Jioni ya kuonyeshwa mama alivaa gauni lake la sherehe. Alikaa mbele kabisa, karibu na televisheni, dada pembeni yake, wajukuu sakafuni, na jirani yetu mmoja mama wa makamo. Shemeji alisimama nyuma mlangoni. Matukio ya mwanzo mama aliyaona safi, akawa anawataja waigizaji kwa nguo zao. Kisha ukaja mlango, na mjane mlangoni, na ukungu.

Sauti ya mama ilijaa sebule. Mama mwenyewe akasogea mbele, akasogea tena, akafumba jicho moja, akafumbua, akafumba la pili. Akasema taratibu, "Macho yangu yamerudi kulekule."

Dada alidhani ndivyo picha ilivyotakiwa kuwa, mumewe alishamhubiria habari za mitindo ya kisasa, na akamsikitikia mama kwamba hata huo mtindo hauoni. Jirani aliniambia baadaye, "Mimi niliona ukungu, mwenzangu, lakini nani aseme mbele ya mhariri mwenyewe? Nikajua ndiyo usanii, mshamba ni mimi." Aliyejua ni mmoja tu. Na uongo hakuutunga yeye, mama ndiye aliyemwekea kiganjani. Yeye akafumba mkono. "Pole mama," akasema. "Macho hayo yanataka muda."

Niliporudi na asali yangu, nilimkuta mama ameketi barazani mchana kweupe, mikono mapajani, hafanyi kitu. Mama yangu! Mtu ambaye hata akiugua utamkuta anakunja nguo. Cherehani ilikuwa imefunikwa shuka. Mkasi wake mkubwa alikuwa ameshampa jirani.

"Mama, kuna nini?"

"Macho, mwanangu. Nilijitazama sikujiona. Sauti niliisikia safi, neno kwa neno, uso ndio haupo." Hakulia. "Lakini Mungu hamtupi mja wake. Amenipa yule mkwe. Alinipeleka kliniki mwenyewe, akanishika mkono kuvuka barabara kama yai. Daktari akanimulika, akasema jicho limepona. Mkwe wangu akanivuta pembeni, akaniambia nisikate tamaa, mashine za pale ni za zamani, hazina ubora, atanitafutia penye mashine kubwa."

"Na mimi hapa unanionaje, mama?"

"Nakuona. Lakini una ukungu kidogo. Kila kitu siku hizi kina ukungu."

Hofu ikishaingia, mwenzangu, hata ukuta utauona unapumua. Nikaondoka pale bila kunywa hata maji. Kilichonisumbua ni ile sauti. Sauti safi neno kwa neno ni yangu mimi, niliirekodi kwenye kinasa sauti changu, na mafaili yake nilinakili mwenyewe. Kama sauti ilitoka safi na uso haukutoka, basi ugonjwa haukuwa machoni mwa mama. Nikaenda studio, nikafungua kazi ile, nikalitazama lile tukio mara moja tu. Kisha nikafungua folda la mafaili mazito ya mama: tupu. Nikafungua diski ya akiba, nikaona vile vidole.

Shemeji alikuwa jikoni mwa studio anachemsha maji. Nilifunga mlango.

"Shemeji, uso wa mama uko wapi?"

Akaanza na habari za joto la diski. Nikamwambia nyamaza. Akaja na umeme kukatika. Nikamwambia nimeona. Akaketi kwenye ndoo iliyopinduliwa.

"Makosa hutokea kazini," akasema.

"Kufuta ni kosa la kazini. Hata mimi nimewahi kusahau kubonyeza kitufe. Nakuuliza habari za kliniki. Ulimpeleka mama kwa daktari wa macho kutibiwa uvivu wako wa kunakili!"

"Nilitaka apate faraja."

"Daktari alimpa faraja! Wewe ukamnyang'anya mlangoni!"

Birika lililia, hakuna aliyelizima. "Nitamtazamaje mkwe?" akasema mwishowe. "Niliahidi kope. Mbele ya mke wangu, mbele ya watoto. Nitamwambia nini?"

"Mwambie leo. Kesho nitamwambia mimi, na mimi sina adabu."

Alikuja kwa mama jioni hiyo, kompyuta kwapani. Dada alikuwepo, anamsuka mwanawe nywele. Mama akafurahi kama kawaida, "Karibu mwanangu," akawa anampapasia nafasi kwenye kochi. Shemeji hakukaa. Akakohoa, akaanza.

"Mama, video ni kitu kipana. Faili la video lina ganda, halafu lina kilichomo ndani ya ganda. Kile cha ndani kimebanwa kwa ufundi unaoitwa kodeki. Sasa hizi kodeki ziko za aina mbili, ziko za kupigia na ziko za kuhariria..."

Mama alimsikiliza, anatikisa kichwa kama yuko ibadani. Akaelezwa rangi. Akaelezwa fremu ngapi kwa sekunde. Akaelezwa kwamba nchi nyingine hutumia fremu nyingine. Nikaona shemeji anaelekea kwenye historia ya kamera, nikajiinua kwenye kiti. Mama akanyoosha mkono, wala si kwangu.

"Mwanangu, hayo sikuyasoma. Nieleze kimoja. Macho yangu yana nini?"

"Hayana kitu, mama."

"Na ule ukungu?"

"Niliuweka mimi."

Vidole vya dada vilisimama kwenye nywele za mtoto.

"Kwa nini?"

"Nilifuta picha yako. Sikukusudia. Ikabaki mbovu, nikaificha." Akaikumbatia kompyuta kwa mikono miwili. "Niliona aibu."

Ilikuwa mara ya kwanza tangu nimfahamu kumsikia akisema jambo likaisha. Mama alitazama mikono yake, akaigeuza, akaitazama viganjani.

"Hapa sebuleni, nilipokuwa nasogea mbele, ulijua?"

"Nilijua, mama."

"Na kwa daktari?"

"Nilijua."

"Barabarani, uliponishika mkono?"

Machozi yalikuwa yameanza kumtoka shemeji na hakuwa na mkono wa kuyafutia kwa sababu ya ile kompyuta.

"Nilikuombea pale pale katikati ya barabara," mama akasema. Sauti yake haikupanda hata kidogo. "Nilisema, ee Mungu, hata ukiyachukua haya macho sitanung'unika, maana umenipa huyu."

Kisha akamgeukia dada, akamuuliza kama watoto wameshakula. Dada akasema bado. Mama akainuka mwenyewe, bila kupapasa, akapita mbele ya mkwe wake kwenda jikoni. Shemeji akabaki amesimama katikati ya sebule, anasubiri mtu amwambie akae. Nilikuwa nimejiandalia maneno ya kumchoma mpaka mfupa. Nikamtazama dada, dada akatazama sakafu, na hakuna aliyemwambia.